PAA LA BOLITI LIFUNGULIWE, PAA LA KUCHOMELEWA LISIKATWE

Tamko la umoja wa mafundi na wamiliki wa magari ya zamani wa Lusahunga kuhusu kugeuza magari hayo kuwa ya wazi





Sisi mafundi wa gereji na wamiliki wa magari ya zamani tunaoishi na kufanya kazi Lusahunga, njiapanda ya barabara iendayo Rusumo na ile iendayo Biharamulo hadi Bukoba, tumekutana na kujadili suala ambalo limeanza kutugawa. Suala hilo ni ukataji wa mapaa ya magari ya zamani ili yawe magari ya wazi. Wapo wanaotaka gari la wazi la kubebea maharusi, wapo wanaolitaka kwa kupeleka wageni hifadhini, na wapo wanaolitaka kwa sababu tu wamelipenda. Wote wanatuuliza swali moja: gari la zamani likikatwa paa, thamani yake inashuka?

Jibu letu tunalitoa mapema ili asiwepo wa kubahatisha msimamo wetu. Paa lililochomelewa kiwandani likikatwa, thamani ya gari inashuka, na hairudi. Paa lililokazwa kwa boliti likifunguliwa kwa spana, likatunzwa pamoja na vipande vyake vyote, thamani inabaki, kwa sababu kesho mwenye gari anaweza kulirudisha mahali pake. Yote yanayofuata katika tamko hili yanasimama juu ya tofauti hiyo.

1. KWA NINI TUNASEMA SASA

Lusahunga inajulikana kwa malori. Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita Isaka, Kahama na Nyakanazi, ikafika hapa, kisha ile ya Rwanda ikaendelea na kilomita 92 zilizobaki hadi mpaka wa Rusumo. Lakini barabara hii imebeba mengi zaidi ya shehena. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani siku moja. Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, pakawa makazi ya watu wengi kuliko mji wowote wa jirani. Chakula, dawa, maji na wauguzi walifika kwa magari. Land Rover na Land Cruiser zilipita njia hii mchana na usiku.

Magari ya umri ule bado tunayaona. Mengine yako shambani yanabeba ndizi na maharage, mengine yamelala chini ya miembe, na mengine yanakuja gerejini kwetu kila mwezi kubadilishiwa springi. Wengi huyaita mikweche. Sisi tunawaomba watu wayatazame upya, kwa sababu ya hesabu ndogo ya miaka. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linahesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake. Gari lililotoka kiwandani 1994 lilitimiza miaka hiyo 2024. Kwa hiyo magari yetu yanaingia daraja la kuheshimiwa katika miaka hii hii ambayo grenda nazo zimeanza kuyaingia.

Mambo mawili yameongeza hamu ya gari la wazi. La kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 4,700 hapa hapa jirani. Anayeota biashara ya utalii huona gari lisilo na paa kuwa mtaji. La pili ni harusi. Siku hizi maharusi wanataka kuonekana barabarani, matarumbeta yakiwa mbele juu ya pikapu na wao nyuma wamesimama wakipunga mikono.

Hatuzipingi biashara hizo, na baadhi yetu zinatulisha. Tunachopinga ni kuzianzisha kwa kuharibu mali ambayo haitatengenezwa tena.

2. PAA SI LA AINA MOJA

Migogoro mingi inatokana na watu kuyachukulia magari yote kana kwamba yameundwa sawa. Hayakuundwa sawa, na hapo ndipo fundi anapaswa kuanza kabla hajashika kifaa chochote.

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilikuwa gari la wazi lenye turubai. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, na bodi hiyo ikakaa juu ya chesisi ya chuma inayojitegemea. Matoleo yaliyofuata, la pili la 1958 na la tatu lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yaliendelea na mpango huo huo. Paa hukazwa kwa boliti juu ya kuta, na kuta hukazwa kwa boliti juu ya karai la nyuma. Sehemu ya juu ya mlango yenye kioo nayo hufunguliwa peke yake. Fremu ya kioo cha mbele ina bawaba, na inaweza kulazwa juu ya boneti. Gari la namna hii halihitaji kukatwa ili liwe la wazi, kwa maana lilizaliwa likijua kuvaa na kuvua. Tunaposherehekea Uhuru na kumwona Rais akizunguka uwanja juu ya gari la wazi la kijeshi, tunaona gari lililoundwa kwa kazi hiyo, si gari lililopasuliwa uani.

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na matoleo ya turubai na ya paa gumu la kufungua. Land Cruiser zilizokuja baadaye zinatofautiana toleo kwa toleo. Fundi asikisie. Apande juu, asafishe kiungo, atazame kama paa limekazwa kwa boliti au limeunganishwa moja kwa moja na kuta.

Kundi la pili ni la magari madogo: Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Corolla na Datsun za zamani, na Mercedes za miaka ya 1970 na 1980. Mengi ya magari haya hayana chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, boriti za chini ya milango, nguzo na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Ukiondoa paa umeondoa robo ya nyumba na kuziacha kuta zijitegemee. Volkswagen ina sakafu inayofunguka kutoka kwenye bodi, lakini hata yenyewe hulitegemea paa ili isilegee.

Viwanda vilivyotengeneza magari ya wazi vililijua hilo. Karmann, kampuni ya Osnabrück iliyotengeneza Volkswagen ya wazi kuanzia 1949 hadi 1980, haikukata paa ikaishia hapo. Iliongeza vyuma vya kuimarisha chini ya milango na kwenye fremu ya kioo cha mbele. Peugeot 504 ya wazi, iliyochorwa na Pininfarina na kutengenezwa 1969 hadi 1983, haikuwa saluni iliyovuliwa paa. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma kwenye saluni ni milimita 2,740, na kwenye ile ya wazi ni milimita 2,550. Kwa hiyo anayekata saluni ya 504 hapati 504 ya wazi hata akipata fundi bora nchini.

3. THAMANI INAPOTEA WAPI

Wanaotetea ukataji wana hoja yenye nguvu, nasi hatutaki kuipita. Wanasema kwamba duniani kote gari la zamani la wazi huuzwa ghali kuliko ndugu yake mwenye paa. Mara nyingi ni kweli, lakini ni kweli kwa gari lililotoka kiwandani likiwa la wazi. Bei yake hupanda kwa sababu yalitengenezwa machache, na kila moja linaweza kuthibitishwa kwa namba yake ya chesisi. Kukata gari lenye paa hakuongezi hata moja kwenye idadi ile. Kunapunguza tu idadi ya yale yenye paa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ferrari Daytona, iliyotengenezwa 1968 hadi 1973. Kiwanda kilitoa za wazi zipatazo 120 tu. Bei zake zilipopanda, wenye Daytona za paa hasa Marekani wakaanza kuzikata. Waliozikata walikuwa mafundi hodari, kazi yao ilikuwa safi, na magari yalipendeza. Leo soko linayatenga. Daytona iliyokatwa huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya wazi ya kiwandani, na wapo wamiliki walioingia gharama kubwa ya kuzirudishia paa. Ikiwa Ferrari, yenye wanunuzi matajiri na mafundi wa daraja la juu, haikuokoka, Corolla ya 1978 itaokokaje Lusahunga?

Mercedes inatoa somo jingine. Kwenye 280 SE 3.5 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, namba ya chesisi ya gari la milango miwili lenye paa huanza na 111.026, na ya lile la wazi huanza na 111.027. Volkswagen nayo, kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1965, ilianza namba ya lile la wazi kwa 15 na ya lile la paa kwa 11. Fundi anaweza kubadilisha umbo, rangi na viti. Namba iliyogongwa kwenye chuma itaendelea kusema gari lilizaliwa nani, na mnunuzi anayejua anachokitafuta huanza kwa kuinama na kuisoma.

Hapa kwetu soko lina sababu zake pia. Mnunuzi wa gari la zamani kutoka Kahama, Runzewe au Biharamulo anataka gari litakalobeba familia na mizigo, lisilonyeshewa wakati wa masika wala kujaa vumbi wakati wa kiangazi. Gari lililokatwa paa limewafukuza wote hao, likabaki na mteja wa harusi peke yake. Wanunuzi wakipungua, bei nayo huwafuata.

Tuchukue mfano wa hesabu, bila kumtaja mwenye gari yeyote. Mtu ana saluni ya zamani ambayo angeweza kuiuza shilingi milioni 10. Anatumia milioni 5 kukata, kuimarisha sakafu, kushona turubai, kubadilisha viti na kupiga rangi. Anakodisha kwa harusi kwa shilingi 150,000. Itambidi apate harusi 34 kurudisha ile milioni 5 peke yake, kabla hajahesabu mafuta, dereva, kuosha na matengenezo, na kabla hajafikia zile milioni 10 ambazo hakuna tena wa kumpa. Harusi nyingi hufanyika Jumamosi, na Jumamosi ya mvua hakuna bibi harusi anayetaka gari lisilo na paa. Tunamwomba kila mwenye gari akae na karatasi afanye hesabu hiyo kwa namba zake mwenyewe kabla ya kuja gerejini.

Ipo pia hasara isiyoandikwa kwenye hesabu. Land Rover nyingi zilizoletwa nchi za joto zina paa la tabaka mbili: chini paa lenyewe, juu yake bati jingine la alumini lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite katikati na jua lisiwachome abiria. Paa hilo lilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu, na leo ni kati ya vitu ambavyo mpenzi wa Land Rover huvitafuta kwanza. Tumeshuhudia likitolewa, likipimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, likaenda kuyeyushwa kuwa sufuria. Mwenye gari alilipwa kwa kilo. Siku atakapolihitaji, hatalipata kwa kilo.

4. USALAMA NI SEHEMU YA THAMANI

Thamani ya gari haiishii kwenye bei. Gari lisiloweza kumlinda aliye ndani limepoteza thamani yake ya kwanza.

Kuna kipimo ambacho mmiliki yeyote anaweza kukifanya. Chonga kijiti kinachoenea sawasawa kwenye mwanya kati ya mlango wa mbele na nguzo ya nyuma yake. Kwenye gari zima kijiti hicho hushuka kutoka juu hadi chini bila kukwama. Kwenye gari dogo lililokatwa paa bila kuimarishwa, kalisha watu wanne ndani kisha ujaribu tena. Kijiti kinakwama juu na kupwaya chini, kwa sababu tumbo la gari limeshuka na bodi imejikunja katikati. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kusukumwa kidogo sasa unataka kubamizwa. Baada ya miezi kadhaa ya matuta na mashimo, rangi hupasuka chini ya nguzo, maji huingia, na kutu hufuata. Ukifika hapo, kuchomelea kipande cha pembeni ni kuchelewesha tu siku ya gari kukatika.

Ajali nayo haisubiri. Barabara yetu ina malori mazito na mabasi yenye haraka. Gari likipinduka, paa na nguzo zake ndivyo vinavyobaki kati ya kichwa cha abiria na lami. Kusimamisha watu kwenye gari lililokatwa, bila mkanda na bila chuma cha kujishikia, ni kuhatarisha maisha yao, hata kama msafara unakwenda polepole na tarumbeta zinalia. Tunakumbusha kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura 168, haimruhusu mtu kuingiza barabarani gari bovu linalohatarisha wengine. Gari lililodhoofishwa na fundi ni bovu kama lililodhoofishwa na uzee.

5. KADI NA UKWELI WA KUUZA

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania inaonyesha aina ya bodi, rangi, namba ya chesisi na namba ya injini. Gari linaloonyeshwa kwenye kadi kuwa saluni na barabarani likawa la wazi linamweka mwenye nalo mahali pabaya kwa askari wa usalama barabarani. Kwa kampuni ya bima ni pabaya zaidi, kwa sababu siku ya madai kampuni ina haki ya kuuliza ni gari lipi hasa ililokubali kulikatia bima.

Kuna jambo baya zaidi, nalo ni kuuza gari lililokatwa kwa maneno kwamba limetoka kiwandani hivyo. Huo ni udanganyifu. Dalali anayejua na akanyamaza ameshiriki, na fundi aliyeficha mshono kwa puti ili mnunuzi asiuone ameshiriki pia. Lusahunga ni njiapanda na wanunuzi wengi ni wapita njia. Tukijulikana kwa udanganyifu, habari itafika Kigali na Bujumbura kabla ya lori la kesho.

6. YANAYORUHUSIWA

Hatutaki tamko hili lisomeke kama katazo la kila kitu. Mali ni ya mwenyewe, na gari liliundwa litumike. Yapo mambo matatu tunayoyakubali.

Kwanza, kufungua paa la boliti. Kazi hiyo ifanywe kwa spana na mafuta ya kulainisha kutu, si kwa grenda. Kila boliti iwekwe kwenye kopo na kuandikwa ilikotoka. Paa liinuliwe na watu wanne, lilazwe juu ya mbao mahali pakavu, wala lisisimamishwe kwa ncha likapinda. Turubai lishonwe kwa vipimo vya gari lenyewe. Anayetaka gari la harusi au la kuona wanyama afikirie kwanza Land Rover ya namna hii.

Pili, gari ambalo paa lake limekwisha kuharibika kwa ajali au kutu kiasi kwamba kulirudisha kungegharimu kuliko gari lenyewe. Gari hilo linaweza kupewa maisha mapya likiwa la wazi, mradi liimarishwe kabla ya kukatwa, si baada, huku bodi ikiwa imeegemezwa sawasawa na milango ikiwa imefungwa.

Tatu, mapaa ya kufunguka ya magari ya watalii, kama yanayotengenezwa kwa wingi Arusha, ambapo uwazi huzungushiwa fremu na kifuniko chake hubaki na gari. Kwa magari ya kazi yasiyo ya kihistoria hatuna kipingamizi. Kwa gari lililotimiza miaka 30 na bado zima, tunashauri mwenye nalo atafute jingine la kukata.

Msimamo huu haukuanzia kwetu. Mkataba wa Turin, uliopitishwa na FIVA mwaka 2012, unawataka wanaotunza magari ya kale wafanye mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma na waweke kumbukumbu ya kila walichobadilisha. Fundi wa Lusahunga anaweza kuitimiza kanuni hiyo kwa kopo la boliti, simu yenye kamera na daftari.

7. MAAZIMIO

Baada ya majadiliano, tumeazimia yafuatayo:

(i) Hakuna mwanachama atakayekata paa lililochomelewa la gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi ambalo bado ni zima, hata mteja akiongeza malipo.

(ii) Kabla ya kazi yoyote ya kubadilisha bodi, fundi na mteja watasaini makubaliano yanayoeleza kitakachofanyika, na gari litapigwa picha pande zote, pamoja na namba ya chesisi.

(iii) Paa, kuta, vioo na boliti zilizofunguliwa ni mali ya mteja. Atakabidhiwa zote. Fundi haruhusiwi kuziuza kama chuma chakavu wala kuzipokea badala ya malipo.

(iv) Gari litakaloruhusiwa kukatwa kwa sababu tulizotaja halitatoka gerejini kabla milango yote haijafunga vizuri likiwa limepakia abiria, na kabla halijafungwa mikanda na vyuma vya kujishikia.

(v) Mteja ataelekezwa kwa maandishi kwenda kurekebisha taarifa za kadi, kupeleka gari kwenye ukaguzi wa polisi na kuijulisha kampuni yake ya bima.

(vi) Mwanachama akiuza au kusaidia kuuza gari lililokatwa, atamweleza mnunuzi wazi kwamba limekatwa, nani alilikata na lini. Akificha, atasimamishwa uanachama na majina yetu hayatatumika tena kumdhamini.

8. WITO WETU

Kwa wamiliki: msiuze paa, kuta wala vioo vya gari la zamani kwa mwenye mizani ya chuma chakavu. Hata kama gari halitembei leo, viwekeni ndani. Oktoba 2024 Arusha ilipokea Land Rover kutoka pembe nyingi za nchi katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya gari hilo, na yale yaliyokuwa yakidharauliwa vijijini yalipigwa picha na kupongezwa. Nairobi kwa miaka mingi imekuwa na mashindano ya magari yaliyotunzwa, ambako majaji huinama kukagua injini, sakafu na viti, si rangi ya nje tu. Yapo masoko na majukwaa yanayothamini gari zima.

Kwa wapenzi wa Peugeot: Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mashindano ya East African Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967. Peugeot 504 ilishinda 1975. Saluni hizi ni sehemu ya historia ya barabara za Afrika Mashariki. Tafadhali ziacheni na mapaa yake.

Kwa Mamlaka ya Mapato na Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani: tunaomba utaratibu wa kurekebisha aina ya bodi kwenye kadi uelezwe kwa lugha nyepesi na ubandikwe katika ofisi za wilaya, ili mwananchi asikwepe kwa kuogopa asichokijua.

Kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: tunaomba mafunzo ya ufundi bodi yajumuishe kutambua magari yenye chesisi inayojitegemea na yale ambayo bodi ndiyo chesisi. Kijana akijua hilo mwaka wake wa kwanza, magari mengi yatapona.

Kwa wanaotaka kuwekeza katika utalii wa Burigi-Chato: njooni tuzungumze kabla ya kununua na kukata. Land Rover yenye paa la boliti itawapa gari la wazi wakati wa kiangazi na gari lenye paa wakati wa mvua, na bado mtaweza kuliuza likiwa zima.

Kwa mafundi wenzetu walio nje ya umoja huu, kuanzia Nyakanazi hadi Benaco: mteja anapowaletea gari la zamani na kuwaambia mkate, mpeni kwanza dakika kumi za maelezo. Mwonyesheni kiungo cha paa. Kama ni boliti, chukueni spana. Kama limechomelewa na gari bado ni zima, zimeni grenda na mkatae kazi hiyo.

Limetolewa Lusahunga, Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa niaba ya wanachama wote.